Oili Ilikuwemo

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Magomeni, Kilosa)



 Barua aliyoniandikia Mwenyekiti ilinitaka nizungumze kwa dakika ishirini juu ya mchango wa ufundi katika maendeleo. Kichwa hicho ni kizuri, lakini nawaomba radhi, nimekipunguza. Leo nitazungumza juu ya oili lita moja tu. Aidha, ninalo deni humu ukumbini, nami nimekusudia kulilipa kabla sijakaa.

Mtakumbuka mkutano wetu wa mwaka jana. Baada ya chakula cha mchana tulitoka kwenda kiwanjani kutazama gari lililotengenezwa na vijana wa klabu ya sayansi. Chesi waliichomelea kwa mabomba ya chuma, wakaweka magurudumu manne, na nyuma ya kiti wakafunga injini ya pikipiki ya cc 150 iliyonunuliwa kwa michango yetu. Gari lilipowaka tulipiga makofi. Likaanza kuzunguka duara lililochorwa kwa chokaa katikati ya kiwanja, likikata kushoto daima. Sisi wazee tulikuwa tukihesabu mizunguko kwa sauti kama watoto. Tulipofika thelathini na mbili mlio ukabadilika, ukawa kama wa mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Mara gurudumu la nyuma likaburuza, gari likasimama. Injini ilikuwa imejamu.

Mimi nilikuwa wa kwanza kufika, kwa kuwa mimi ndiye fundi. Nikainusa ile injini, nikasema mbele ya watu wote: "Hii imekosa oili. Nani alikuwa na kazi ya oili?" Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu akainua mkono, akasema, "Mzee, oili niliweka mpaka kwenye alama. Nilipima asubuhi." Nikatikisa kichwa, watu wakacheka. Nilisikia baadaye kwamba alinyang'anywa ufunguo wa karakana, na wenzake wakambandika jina ambalo sitalirudia hapa.

Injini niliichukua nikaenda nayo nyumbani. Siku ya tatu nikafungua bolti ya kumwagia oili na kukinga chombo cha kupimia. Ndugu zangu, ikatoka oili karibu lita moja kamili, yaani ile ile iliyotakiwa kuwamo. Nikakaa chini kwenye kigoda, nikaitazama kwa muda mrefu.

Nilipofungua silinda hedi nikakuta kemshafti imekwaruzika na kugeuka rangi ya bluu kwa joto. Pistoni nayo ilikuwa imeng'ang'ania silinda. Hizo ni dalili za chuma kilichosuguana na chuma bila oili katikati. Injini ilikuwa imekufa kwa kiu na mtungi wa maji uko pembeni yake umejaa. Sasa swali likawa: oili ilikuwamo, kwa nini haikufika?

Kujibu swali hilo yanipasa kuwarudisha darasani. Wale wa rika langu mtakumbuka somo la Fizikia ambapo mwalimu alitoka nje na ndoo ya maji, akaizungusha juu ya kichwa chake, na maji hayakumwagika. Tulidhani ni kiini macho. Akatueleza kwamba kitu kinachozunguka daima kinataka kwenda moja kwa moja, na maji yale yalikuwa yanagandamizwa kwenye kitako cha ndoo. Mtihani tukafaulu, somo tukalisahau. Mimi nililisahau kwa zaidi ya miaka thelathini.

Pikipiki ni ile ndoo ya mwalimu. Inapoingia kwenye kona dereva huilaza, na injini hulala pamoja nayo. Kwa hiyo oili ndani ya sampo, yaani bakuli lililo chini ya injini, hubaki imetulia kwenye kitako chake kana kwamba pikipiki imesimama wima. Watu walioichora injini ile walijua hivyo, ndiyo maana waliweka kinywa cha pampu mahali walipoona panafaa na hawakuhangaika na mawimbi ya pembeni.

Gari halilali. Lina magurudumu manne, linakata kona likiwa limesimama, na oili inabaki peke yake katika safari ya kwenda upande wa nje. Ni kama sahani ya mchuzi unayoipeleka mezani kwa haraka: ukigeuka ghafla, mchuzi unapanda ukingoni na upande wa pili unaona sahani tupu.

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu haya ni maneno matupu. Duara letu la chokaa lilikuwa na nusu kipenyo cha meta 10. Mwendo wa gari ulikuwa kama kilometa 25 kwa saa, ambao ni meta 7 kwa sekunde. Chukua 7 mara 7, upate 49, gawanya kwa 10, unapata 4.9. Mvuto wa dunia, kama mnavyokumbuka, ni 9.8. Maana yake ni kwamba oili ilikuwa inavutwa pembeni kwa nguvu iliyo nusu ya ile inayoivuta chini. Uso wake ukainama kwa nyuzi 27 hivi.

Sasa tuchukue sampo iwe na upana wa sentimeta 20 na urefu wa sentimeta 10. Lita moja ya oili humo itakuwa na kina cha sentimeta 5. Uso ukiinama kwa kiasi hicho, upande wa nje oili inapanda sentimeta 5, na upande wa ndani inashuka sentimeta 5. Tano ukitoa tano ni sifuri. Na katika injini yetu, jinsi tulivyoifunga, kinywa cha pampu kilikuwa upande wa kushoto, na gari lilikuwa linakata kushoto. Pampu ilikuwa inanyonya hewa.

Kwenye barabara ya kawaida jambo hili lisingeiua injini upesi. Kona hudumu sekunde mbili au tatu, kisha barabara inanyooka na oili inarudi. Kilichoiua injini yetu ni kwamba duara halina mwisho. Mzunguko mmoja ulichukua sekunde 9, na mizunguko thelathini na miwili ni karibu dakika 5 za kona moja isiyokatika. Sisi tuliokuwa tunahesabu kwa furaha tulikuwa tunahesabu pumzi za mgonjwa.

Ndugu Mwenyekiti, jambo hili si geni duniani. Nilipata kufanya kazi Ulaya, na kwa kuwa tupo Kilosa sina budi kufafanua kwamba sisemi Ulaya ile ya njia ya Mikumi, nasema ile ya ng'ambo. Kule Uingereza watu wana desturi ya zamani ya kufunga injini za pikipiki kwenye magari madogo. Morgan walikuwa wakiuza magari ya magurudumu matatu yenye injini hizo tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1946 Charles Cooper na mwanawe John walijenga gari la mashindano kwa injini ya pikipiki ya JAP ya cc 500, na Stirling Moss, aliyekuja kuwa dereva maarufu sana, alianza kushindana katika gari la Cooper la namna hiyo mwaka 1948. Ikaja Lotus Seven mwaka 1957, gari jepesi ambalo mtu aliweza kununua vipande vyake akaviunga mwenyewe nyumbani. Magari ya umbo lile yanatengenezwa mpaka leo, na wapo wanaoyafunga injini za pikipiki kubwa, kwa mfano ile ya Suzuki Hayabusa ya cc 1,300 hivi iliyotoka mwaka 1999.

Katika injini hizo kubwa kinachotangulia kufa ni beringi za koneksheni rodi. Beringi hizo hazina gololi. Ni vipande laini vya chuma vinavyoelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando ukikatika kwa kitambo kidogo tu, chuma kinakutana na chuma, na dereva anasikia mlio wa nyundo. Mafundi wetu husema injini imenoki. Wenzetu wa ng'ambo walizinoki nyingi kabla hawajajifunza, na waliyojifunza nitawaeleza kwa utaratibu, kuanzia la bei nafuu.

Kwanza, kipimo cha oili. Gari lenye injini ya pikipiki halipaswi kukimbizwa oili ikiwa chini ya alama ya juu, na wengine huzidisha kidogo. Lakini kuzidisha kuna mpaka. Ukijaza mno, krenki itaipiga oili kama mtu anayepiga mayai, litatokea povu, na povu halilainishi kitu.

Pili, bamba la kuzuia mawimbi. Hili ni bati linalofungwa ndani ya sampo kuzunguka kinywa cha pampu. Lina vilango vidogo vinavyofunguka kwa kuelekea ndani tu. Oili ikija inaingia, ikitaka kukimbia inakuta mlango umefungwa. Ni sawa na mgono wa kuvulia samaki, ambao kuingia ni rahisi na kutoka ni shida.

Tatu, umbo la sampo. Wengi huikata sampo ya pikipiki iwe fupi ili gari likae chini. Wakiikata bila kuipanua, wamepunguza oili na kuongeza hatari kwa mkono mmoja.

Nne, chupa ya akiba. Ni silinda yenye pistoni ndani, upande mmoja oili, upande mwingine hewa iliyogandamizwa. Presha ya pampu ikishuka konani, hewa inaisukuma oili ya akiba kwenye njia zake kwa sekunde chache, mpaka kona ipite. Duara kama letu lingeimaliza chupa hiyo.

Tano ni sampo kavu. Hapa oili haikai tena chini ya injini. Inanyonywa na pampu maalumu na kupelekwa kwenye tangi refu jembamba, na kutoka kitako cha tangi hilo pampu nyingine huirudisha kwenye injini. Hii ndiyo dawa kamili, na magari mengi ya mashindano yanaitumia, ila bei yake ingeweza kununua gari letu lote na chenji ikabaki.

Sisi tulifanya nini? Kabla ya kununua kitu nilirudi hapa shuleni nikawaomba vijana wafanye jaribio. Tulichukua dumu jeupe la mafuta ya kula la lita tano, lile linaloonyesha ndani, tukatia lita moja ya maji yaliyotiwa rangi, tukalifunga kwenye chesi pale injini ilipokuwa. Gari tulilivuta kwa kamba nyuma ya pikipiki kuzunguka duara lile lile, taratibu kwanza, kisha kwa mwendo zaidi, na kijana mmoja akapiga picha za video kwa simu. Maji yalipanda upande wa kulia wa dumu, na upande wa kushoto kitako kikaonekana kitupu. Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Atakayesema kwamba maji ni mepesi kuliko oili, nitamjibu kwamba oili iliyochemka nayo hukimbia upesi kuliko mnavyodhani.

Baada ya hapo nikatengeneza injini ile ile, maana ilikuwa bado inafaa. Tukabadilisha silinda, pistoni, silinda hedi na kemshafti. Ndani ya sampo tukafunga bamba lenye vilango viwili vya bati. Injini nyingi za pikipiki ndogo hazina hata taa ya oili, kwa hiyo tulitoboa kwenye njia ya oili inayopanda kwenye silinda hedi, tukafunga geji mbele ya dereva. Tena tulifuta duara la chokaa, tukachora namba nane. Katika namba nane gari hukata kushoto, kisha kulia, na oili haipati nafasi ya kuhamia upande mmoja na kukaa. Chokaa ile haikutugharimu chochote, na naamini ndiyo iliyosaidia zaidi ya yote.

Sheria ya dereva ni moja. Sindano ya geji ikianguka, ondoa mguu kwenye moto papo hapo, nyoosha gari, na isiporudi zima injini. Usingoje kusikia mlio. Ukishausikia, umechelewa.

Ndugu zangu, pengine mnajiuliza, haya ya magari ya mchezo yanatuhusu nini sisi wa Magomeni? Yanatuhusu sana. Tokeni nje ya geti hili mhesabu maguta ya magurudumu matatu na pikipiki zinazopita kabla ya kumaliza soda moja. Guta lina injini ya pikipiki, na guta halilali konani. Sitaki kuwadanganya: guta lililobeba magunia ya mahindi halikati kona kwa kasi ya lile gari letu. Adui yake ni wengine watatu, nao ni upungufu, mwinuko na joto.

Lori likipoteza robo lita ya oili halitajua. Injini yenye lita moja ikipoteza robo lita imepoteza robo ya damu yake. Kisha inapandishwa mlima na mzigo, kwa gia ya kwanza, mwendo mdogo, upepo wa kuipoza haupo, na oili iliyobaki imelala nyuma ya sampo. Aliyeinunua kwa mkataba anadaiwa hesabu ya kila siku. Injini ikijamu hesabu haisimami. Nimewaona vijana waliorudisha guta kwa mwenye mali wakiwa wamelipa miezi kumi kati ya kumi na miwili, mikono mitupu.

Kwa hiyo nawaachia mambo manne, myapeleke nyumbani. Pima oili asubuhi chombo kikiwa mahali tambarare, na pikipiki ikiwa imesimama wima, si kwenye stendi ya pembeni. Kama injini ilikuwa inafanya kazi, zima, ngoja dakika chache oili ishuke. Soma kitabu cha injini ujue kama stiki hupimwa ikiwa imefungwa au imeegeshwa tu, maana katika pikipiki nyingi huegeshwa bila kukazwa, na tofauti ile ni kubwa. Na la nne, oili ya pikipiki inalainisha pia giaboksi na klachi, hivyo nunua yenye alama ya JASO MA kwenye kopo. Baadhi ya oili za gari zinaifanya klachi iteleze. Shughuli yote hii haizidi muda wa kunywa kikombe cha chai.

Sasa nalipa deni langu.

Mwaka jana, mbele ya watu hawa hawa, nilimwuliza kijana swali ambalo tayari nilikuwa nimelijibu moyoni. Yeye alinijibu kwa kipimo, kwamba aliweka mpaka kwenye alama. Mimi nilijibu kwa mvi zangu. Injini ilipofunguliwa kipimo chake kilikuwa cha kweli. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa: mimi niliyewashauri mahali pa kufunga injini bila kufikiri kinywa cha pampu kiko wapi, na sisi sote tuliochora duara na kushangilia. Ningekuwa nimemwaga oili ile pale pale kiwanjani, jambo lisingefika hapa. Nilingoja siku tatu, na baada ya kuujua ukweli nikangoja miezi mingine, kwa sababu mzee kukiri si jambo rahisi. Katika miezi hiyo mtoto alibeba jina lisilo lake.

Kijana, sasa uko Kidato cha Nne, na nakuona umekaa safu ya nyuma karibu na dirisha. Naomba usimame ili watu wakuone. Oili ilikuwemo. Nakuomba radhi mbele ya walimu wako na wenzako.

Ndugu Mkuu wa Shule, ombi langu ni kwamba ufunguo wa karakana urudi mkononi mwake leo hii. Tukitoka hapa tutakwenda kiwanjani, na ningependa gari liendeshwe na yeye. Geji ipo mbele yake, namba nane imekwisha kuchorwa. Asubuhi nilimwomba apime oili, akapima. Safari hii nami nikainama nikatazama stiki pamoja naye, kama nilivyopaswa kufanya mwaka jana.